Kura mbili za Afrika Mashariki na Michezo ya Sydney

Alfajiri ya tarehe 24 Septemba mwaka 1993, maelfu ya wakazi wa Sydney walikuwa wamekesha kandokando ya bandari yao, macho yao yakiwa kwenye skrini kubwa. Huko Monte Carlo, katika utawala mdogo wa Monaco, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Juan Antonio Samaranch, alikuwa ameshika bahasha mkononi. Sydney ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, na Afrika Mashariki ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Samaranch alipolitamka jina la Sydney, mji ule ulilipuka kwa vifijo. Australia ilikuwa imepata kuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000, na China, iliyopewa nafasi kubwa ya kushinda, ilikuwa imeshindwa kwa kura mbili tu. Sydney ilipata kura 45, na Beijing 43.

Zaidi ya miaka mitano ilipita kabla ya ulimwengu kuelezwa yaliyotokea usiku wa kuamkia siku hiyo ya kura. Mnamo Januari mwaka 1999, John Coates, rais wa Kamati ya Olimpiki ya Australia, alifichua kwamba katika chakula cha jioni huko Monte Carlo aliwapa ahadi ya maandishi wajumbe wawili kutoka Afrika. Ahadi yenyewe ilikuwa dola za Marekani 35,000 kwa kamati ya Olimpiki ya kila mmoja wao, iwapo Sydney ingeshinda. Wajumbe hao walikuwa Meja Jenerali Francis Nyangweso wa Uganda na Charles Mukora wa Kenya.

Kura mbili zilizoamua, na wajumbe wawili walioahidiwa. Hesabu hiyo ndiyo iliyoyafunga majina ya wanaume hao na historia ya Sydney. Hata hivyo, kura ilikuwa ya siri, na hakuna karatasi inayoonyesha nani alimchagua nani. Linaloweza kusimuliwa ni jinsi watu hao wawili walivyofika kwenye meza ile, na kilichompata kila mmoja wao, pamoja na aliyewakaribisha, baada ya siri kutoka.

Kutoka ulingoni hadi serikalini

Francis Were Nyangweso alizaliwa mwaka 1939 katika eneo la Busia, mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Kama vijana wengi wenye nguvu wa zama za ukoloni, njia zake mbili za kupanda ngazi zilikuwa jeshi na ndondi, na mara nyingi njia hizo zilikuwa moja. Mwaka 1960, miaka miwili kabla ya nchi yake kupata uhuru, aliiwakilisha Uganda ulingoni katika Michezo ya Olimpiki ya Roma.

Katika kambi za jeshi la Uganda wakati huo alikuwapo mwanandondi mwingine aliyejulikana zaidi, Idi Amin, ambaye alikuwa bingwa wa taifa wa uzito wake kwa miaka kadhaa. Amin alipoipindua serikali ya Milton Obote mnamo Januari mwaka 1971, maafisa waliokuwa karibu naye walipanda vyeo kwa kasi. Nyangweso alikuwa miongoni mwao. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 aliongoza jeshi la nchi hiyo, na baadaye akawa waziri katika serikali ya Amin.

Utawala huo unakumbukwa kwa kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na kwa maelfu ya watu waliouawa au kutoweka. Ni utawala huo huo pia uliompokea kwa shangwe John Akii-Bua, askari polisi aliyeshinda medali ya dhahabu katika mbio za mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa kuvunja rekodi ya dunia. Michezo ilikuwa miongoni mwa mambo machache yaliyoipa Uganda ya Amin heshima ugenini, na kila kiongozi wa nchi alilifahamu hilo.

Amin aliangushwa mnamo Aprili mwaka 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Wengi wa maafisa wake walikimbilia Sudan, Zaire au Saudi Arabia, na wengine walifungwa. Akii-Bua mwenyewe alikimbilia Kenya, kisha Ujerumani. Nyangweso aliibukia mahali pengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Olimpiki ya Uganda, na mwaka 1988 aliingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Serikali zilibadilika Kampala: Obote wa pili, Tito Okello, Yoweri Museveni. Waziri wa zamani wa Amin alibaki kwenye kiti chake cha michezo kwa karibu miongo mitatu.

Kocha wa Mexico

Njia ya Charles Nderitu Mukora ilikuwa tofauti. Yeye alikuwa mwalimu wa riadha. Kenya ilipokwenda Mexico mwaka 1968, Mukora ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya riadha. Huko, katika mji ulio juu sana kutoka usawa wa bahari, Naftali Temu alishinda mbio za mita 10,000, Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji, na Kipchoge Keino akamwacha mbali Mmarekani Jim Ryun katika mita 1,500. Dunia ilianza kuifahamu Kenya kuwa nchi ya wakimbiaji, na Mukora akawa mmoja wa watu waliohesabiwa kuwa wajenzi wa jina hilo.

Baadaye alikuwa mtendaji wa kampuni ya Coca-Cola barani Afrika, aliwahi kuwa mbunge wa Laikipia Mashariki, na alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Olimpiki ya Kenya. Mwaka 1990 aliingia katika Kamati ya Kimataifa, na kuchukua nafasi iliyokuwa imeshikiliwa kwa miaka 30 na Reginald Alexander, Mkenya mwenye asili ya Uingereza. Kwa Wakenya wengi lilikuwa jambo la haki lililochelewa, kwani nchi iliyokwisha kushinda medali nyingi hivyo hatimaye iliwakilishwa na mtu aliyewanoa washindi wenyewe.

Alichokikuta yeye na Nyangweso katika kamati hiyo kilikuwa chombo cha namna ya pekee. Wajumbe hawakuwa mabalozi wa nchi zao. Kwa mujibu wa mkataba wa Olimpiki, wao waliiwakilisha Kamati katika nchi zao. Hawakulipwa mshahara. Walipiga kura kwa siri, na kura ya mjumbe kutoka nchi isiyo na hata uwanja mmoja wa kisasa ilikuwa na uzito sawa na kura ya mjumbe wa Marekani.

Kwa nini Afrika

Australia ilikuwa imelikosa jambo hili mara mbili mfululizo. Brisbane iliomba michezo ya mwaka 1992 ikashindwa na Barcelona. Melbourne iliomba ya mwaka 1996 ikashindwa na Atlanta. Sydney ilipoingia uwanjani kuomba ya mwaka 2000, viongozi wake walikwisha kujifunza kwamba ramani nzuri za viwanja hazitoshi. Wapinzani walikuwa wanne: Beijing, Manchester, Berlin na Istanbul. Beijing ilikuwa na nguvu zaidi, ingawa kumbukumbu ya mauaji ya uwanja wa Tiananmen ya mwaka 1989 ilikuwa ingali mbichi.

Wajumbe wa Afrika, kwa hiyo, wakawa watu wa kutafutwa. China ilikuwa na urafiki wa muda mrefu na bara hili: ilijenga reli ya Tanzania na Zambia, na viwanja vya michezo katika miji kadhaa. Australia ilihitaji hoja zake. Ilimtuma Afrika waziri mkuu wake wa zamani, Gough Whitlam, akiwa na mkewe Margaret, kuzungumza na wajumbe. Uteuzi huo ulikuwa wa busara. Whitlam ndiye ambaye mara tu alipoingia madarakani mnamo Desemba mwaka 1972 alizipiga marufuku timu za michezo za Afrika Kusini zilizochaguliwa kwa ubaguzi wa rangi. Jina lake lilikuwa na heshima katika bara lililosusia Michezo ya Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya suala hilo hilo.

Sydney iliahidi pia kulipia safari za wanamichezo na maafisa wa nchi zote watakaoshiriki. Kwa nchi kama Ujerumani hilo lilikuwa jambo dogo. Kwa kamati ya Olimpiki ya Uganda, ambayo kupeleka timu ndogo ng'ambo kulimaanisha kuzunguka na bakuli kwa wafadhili, lilikuwa jambo kubwa. Aidha, Australia iliandaa mpango wa kuwapokea wanamichezo wa Kiafrika na kuwapa mafunzo katika vituo vyake.

Haya yote yalifanyika hadharani, na yalikuwa ndani ya desturi za kampeni za wakati huo. Mpaka kati ya kusaidia michezo na kununua kura haukuwa umewekewa alama. Lakini hata palipo na ukungu, mtu huweza kuhisi kwamba ardhi chini ya miguu yake imebadilika, na usiku wa tarehe 22 Septemba ardhi ilibadilika.

Usiku wa Monte Carlo

Kwa maelezo yake mwenyewe, Coates aliona usiku huo kwamba Sydney ilikuwa katika hatari ya kushindwa. Wakati wa chakula cha jioni katika Hotel de Paris aliwapa Nyangweso na Mukora barua zenye ahadi ya fedha kwa ajili ya maendeleo ya michezo katika nchi zao. Jumla ilikuwa dola 70,000, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na mamilioni yaliyotumika katika kampeni nzima. Lakini mambo mawili yaliitenganisha ahadi hiyo na misaada mingine. La kwanza ni wakati wake, kwani ilitolewa saa chache tu kabla ya kura. La pili ni sharti lake, kwani fedha zingetolewa tu endapo Sydney ingeshinda.

Kesho yake kura zilipigwa. Katika duru ya kwanza Beijing ilipata 32, Sydney 30, Manchester 11, Berlin 9, na Istanbul 7, ambayo ilitolewa. Katika duru ya pili Beijing ilipanda hadi 37, Sydney ikabaki na 30, Manchester ikapata 13, na Berlin yenye 9 ikaaga. Katika duru ya tatu Beijing ilipata 40, Sydney 37, na Manchester 11. Beijing iliongoza katika duru zote tatu. Ni pale tu wafuasi wa Manchester walipolazimika kuchagua kati ya miji miwili iliyobaki ndipo Sydney ilipoipita, kwa kura 45 dhidi ya 43.

Takwimu hizo zafaa kutazamwa kwa utulivu. Wajumbe wanane kati ya 11 waliokuwa na Manchester walihamia Sydney, na hao ndio waliougeuza mzani. Mjumbe wa Swaziland alikuwa amekwisha kuondoka kurejea kwao, na ndiyo maana kura 89 za duru ya kwanza zilikuwa 88 katika duru ya mwisho. Kila moja ya mambo hayo yaweza kuitwa sababu ya ushindi. Kwa upande mwingine ni kweli pia kwamba, kama Nyangweso na Mukora wote walikuwa upande wa Sydney na wangeihama wakaenda Beijing, matokeo yangepinduka. Hakuna anayejua kama walikuwa upande huo tangu mwanzo, kwa barua ile au bila ya barua ile.

Siri yatoka

Iliyoifungua siri ya Sydney ni kashfa ya mji mwingine. Mwishoni mwa mwaka 1998 ilibainika kwamba kamati ya Salt Lake City nchini Marekani, iliyoshinda mwaka 1995 haki ya kuandaa michezo ya majira ya baridi ya mwaka 2002, ilikuwa imemlipia masomo binti wa aliyekuwa mjumbe wa Cameroon. Desemba mwaka huo mjumbe mkongwe kutoka Uswisi, Marc Hodler, aliwaambia waandishi wa habari mjini Lausanne kwamba kura za kuchagua miji zilikuwa zikinunuliwa. Tume ya uchunguzi iliundwa chini ya Dick Pound wa Canada, na waandishi wa habari kote duniani wakaanza kuuliza kuhusu miji mingine. Sydney, ambayo ilikuwa imebakiza miezi 20 tu kufungua michezo yake, isingeweza kuepuka swali hilo.

Coates alijitokeza mwenyewe na kuzitangaza barua za Monte Carlo. Alishikilia kwamba hazikuwa hongo. Fedha hizo, alisema, zilikuwa za kamati za taifa wala si za wajumbe, na zilikuwa sehemu ya msaada wa kawaida kwa michezo ya nchi zinazoendelea. Wakati huo huo alikiri wazi kwamba aliamini ushindi usingepatikana kwa uzuri wa mji na viwanja vyake pekee. Kauli hizo mbili zilisomwa pamoja, na watu wengi nchini Australia waliona shida kuzipatanisha.

Kwa Mukora, habari za Sydney zilifika juu ya habari nyingine. Tume ya Pound ilikuwa imemtaja kuwa alipokea zaidi ya dola 30,000 kutoka kwa kamati ya Salt Lake City. Yeye alisema fedha hizo zilikuwa za kuendeleza riadha ya Kenya wala hazikuwa zake binafsi, na alikana kufanya kosa lolote. Lakini mwishoni mwa Januari mwaka 1999 alijiuzulu ujumbe wake. Mwaka huo huo uongozi wa Kamati ya Olimpiki ya Kenya ulikwenda kwa Kipchoge Keino, mwanariadha aliyekuwa katika timu yake ya Mexico miaka 31 kabla.

Nyangweso hakuwamo katika orodha ya waliofukuzwa wala ya waliojiuzulu. Aliendelea kuwa mjumbe.

Waliotoka na waliobaki

Tarehe 17 Machi mwaka 1999 Kamati ya Kimataifa ilifanya kikao cha dharura mjini Lausanne na kuwafukuza wajumbe sita. Walitoka Congo Brazzaville, Mali, Sudan, Chile, Ecuador na Samoa. Msamoa huyo, Paul Wallwork, aliyewahi kuwa mnyanyua vitu vizito, aliponzwa na mkopo wa dola 30,000 ambao mkewe aliupata kutoka kwa mkuu wa kampeni ya Salt Lake City. Pamoja na Mukora walikuwa wamejiuzulu pia wajumbe wa Finland, Libya na Swaziland. Wengine walipewa onyo kali, akiwamo Phil Coles wa Australia, mkazi wa Sydney, aliyebaki mjumbe kwa miaka mingi baadaye.

Si sahihi kusema kwamba adhabu ziliwafika maskini tu, kwani mjumbe wa Finland naye aliondoka, na mjumbe wa Côte d'Ivoire alikuwa miongoni mwa waliopewa onyo. Lakini mwelekeo ulionekana. Orodha ya waliofukuzwa haikuwa na hata mjumbe mmoja wa nchi tajiri. Nao watoaji walikuwa na mwisho mwingine. Viongozi wawili wa kampeni ya Salt Lake City walishtakiwa nchini Marekani, na Desemba mwaka 2003 jaji aliifuta kesi yao. Salt Lake City haikunyang'anywa michezo yake, wala Sydney haikunyang'anywa ya kwake.

Katika Afrika Mashariki mjadala huo haukuwa mgeni. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na katika siasa za eneo hili mgombea asiyetoa chochote huonekana mchoyo. Mwaka ule ule wa 2000, michezo ilipofanyika Sydney, bunge la Tanzania liliirekebisha sheria ya uchaguzi ili kuruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kawaida wa mgombea kwa wapiga kura. Hoja ilikuwa kwamba kumkirimu mgeni ni desturi, na desturi haiwezi kuwa jinai. Mnamo Aprili mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na katiba. Nchini Kenya nako, sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliwabana viongozi waliotumia michango ya harambee kujitafutia wafuasi.

Kipimo kilichotumika Dar es Salaam kinafaa hata Monte Carlo. Ukarimu hautazami sanduku la kura. Unapotolewa kwa sharti la ushindi, siku moja kabla ya kura, kwa mtu mwenye kura, jina lake hubadilika, hata kama fedha zenyewe zitaishia kununua viatu vya wakimbiaji. Na kipimo hicho humpima mtoaji kama kinavyompima mpokeaji.

Michezo yenyewe

Michezo ya Sydney ilifunguliwa tarehe 15 Septemba mwaka 2000 na kufungwa tarehe 1 Oktoba. Uwanja mkuu ulijengwa Homebush, mahali palipokuwa na machinjio na viwanda vya matofali, kwenye ardhi iliyosafishwa sumu za miaka mingi. Tarehe 25 Septemba watu zaidi ya 112,000 walijaa humo kumshuhudia Cathy Freeman, mzawa wa asili wa Australia, akishinda mbio za mita 400. Usiku huo huo Haile Gebrselassie wa Ethiopia na Paul Tergat wa Kenya walikimbia mita 10,000 bega kwa bega hadi mwisho. Gebrselassie alishinda kwa tofauti ya sekunde 0.09.

Kenya iliondoka Sydney na medali saba. Noah Ngeny alimshangaza Hicham El Guerrouj wa Morocco katika mita 1,500, na Reuben Kosgei akashinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji mbele ya mwenzake Wilson Boit Kipketer. Eric Wainaina alipata fedha katika marathoni, Bernard Lagat shaba katika mita 1,500, na Joyce Chepchumba shaba katika marathoni ya wanawake. Eritrea ilishiriki kwa mara ya kwanza. Uganda, nchi ya bondia wa Roma, ilirudi mikono mitupu.

Samaranch aliisifu michezo hiyo kuwa bora kuliko yote iliyotangulia, na wenyeji wa Sydney wangali wanaikumbuka kwa fahari. Fahari hiyo haikuwa ya bure. Mapokezi yalikuwa mazuri, mipango ilikwenda sawa, na hakuna aliyekimbia humo aliyehusika na barua za Monte Carlo.

Baada ya hapo

Desemba mwaka 1999 Kamati ya Kimataifa ilipitisha mageuzi makubwa. Wajumbe walikatazwa kutembelea miji inayoomba michezo, wanamichezo 15 wakapewa viti ndani ya kamati, na umri wa mwisho wa wajumbe wapya ukawekwa miaka 70. Beijing iliomba tena na ikashinda mwaka 2001, na ikaandaa michezo ya mwaka 2008.

Keino alijiunga na Kamati ya Kimataifa mwaka 2000. Miaka 16 baadaye Kamati ya Olimpiki ya Kenya ilikumbwa na kashfa yake yenyewe, kuhusu vifaa na fedha za timu iliyokwenda Rio de Janeiro. Mwaka 2017 aliyechaguliwa kuisafisha alikuwa Paul Tergat, yule aliyekosa dhahabu ya Sydney kwa sekunde 0.09.

Nyangweso aliuacha uenyekiti wa Uganda mwaka 2009, na alifariki dunia mnamo Februari mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 71. Jina lake limebaki katika kumbukumbu za nchi yake kwa sura tatu zisizokaa pamoja kwa urahisi: bondia wa Roma, waziri wa Amin, na mlezi wa Olimpiki. Kwa upande wa Kenya, Mukora angali anatajwa kila zinaposimuliwa habari za Mexico, na kila zinaposimuliwa habari za Salt Lake City.

John Coates aliingia katika Kamati ya Kimataifa mwaka 2001, akawa makamu wa rais wake, na aliongoza Kamati ya Olimpiki ya Australia hadi mwaka 2022. Yeye ni mmoja wa waliobuni utaratibu mpya wa kuchagua miji, ambamo kamati hufanya mazungumzo na mji mmoja unaopendekezwa badala ya kuishindanisha miji mingi mbele ya wapiga kura. Mji wa kwanza kuchaguliwa kwa utaratibu huo kuandaa michezo ya majira ya joto, tarehe 21 Julai mwaka 2021, ulikuwa Brisbane ya Australia, kwa ajili ya mwaka 2032. Kura zilikuwa 72 za kukubali na tano za kukataa, na mji huo haukuwa na mpinzani.